Nyasi Moja Kumbe Tatu: Karatasi za Hebaria Zisitupwe

Kama umewahi kufungua rekodi za mmea wowote kwenye GBIF, ile hifadhidata kubwa ya viumbe yenye makao yake Copenhagen, utakuwa unaijua ile hali ya kuona mistari imejipanga, jina la mmea, tarehe, nchi, nani aliokota, latitudo, longitudo, kila kitu kimenyooka, na ukikaa nayo nusu saa unajikuta umeshaiamini bila hata kujiuliza. Mimi ilinikuta kwa nyasi moja ya Mediterania inaitwa Brachypodium distachyon. Ni nyasi fupi ya msimu mmoja, inaota kwenye mawe, pembeni ya njia, kwenye mashamba yaliyoachwa, kuanzia Ureno na Moroko mpaka Uturuki na Iraki. Unafungua ramani unaona madoa yameizunguka bahari yote kama shanga. Inapendeza kuitazama. Na madoa mengi kati ya yale hayakuambii ni mmea gani hasa uliookotwa pale.

Nitasema msimamo wangu mapema ili tusipotezeane muda. Rekodi ya mmea ni dai la mtu, kwamba siku fulani mahali fulani aliona kitu fulani, na kinachofanya dai hilo liweze kukaguliwa na mtu mwingine miaka mia baadae ni ile karatasi ngumu yenye mmea mkavu uliogundishwa, iliyolala kwenye kabati la hebaria, yaani ghala la kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Sasa hivi kuna watu wazima, wenye bajeti na vyeo, wanaoamini kwamba ukishapiga picha karatasi na kuandika lebo yake kwenye kompyuta basi karatasi imemaliza kazi. Mimi nasema hapana, na nyasi hii ndo shahidi wangu wa kwanza.

Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya mimea, aliipa jina mwaka 1756, akaiweka kundi la Bromus. Mwaka 1812 Palisot de Beauvois, Mfaransa, akaihamishia kwenye Brachypodium, na distachyon maana yake ni masuke mawili. Baada ya hapo ikakaa kimya miaka mingi sana. Hakuna anayeila, hakuna anayeilima, wakusanyaji waliokuwa wanapita Andalusia au Sicilia au Palestina wanang'oa shina mbili tatu, wanabana kwenye karatasi, wanaandika jina, wanaendelea na safari. Umaarufu ulikuja kutoka maabara. Wanasayansi walikuwa wanatafuta nyasi ndogo ya kufanyia utafiti kwa niaba ya ngano, maana ngano yenyewe ni mzigo, jenomu yake, yaani maelekezo yake yote ya urithi, ina herufi za DNA zaidi ya bilioni 15, wakati hii nyasi ina kama milioni 272 tu, inamaliza maisha yake ndani ya miezi kama mitatu, inakubali kuota kwenye kikopo dirishani. Mwaka 2010 jenomu yake ikachapishwa kwenye jarida la Nature, kwa mbegu iliyopewa namba Bd21 ambayo asili yake ni Iraki, na ghafla kila mtu akataka kujua nyasi hii inaota wapi hasa, kwenye joto gani, mvua kiasi gani. Wakarudi kwenye makabati.

Na hapo ndo mambo yakaharibika, au niseme yakanyooka.

Wataalamu walikuwa wanajua zamani kwamba mimea inayoitwa distachyon haina idadi moja ya kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi. Mingine 10, mingine 20, mingine 30. Maelezo yaliyokubalika yalikuwa mepesi, kwamba ni nyasi ileile imejizidisha, mara mbili, mara tatu, jambo la kawaida kabisa kwa mimea. Lakini walipoziangalia kromosomu zenyewe kwa karibu hesabu ikawa sawa ila hadithi ikawa nyingine kabisa. Ile ya 20 ina kromosomu ndogo zaidi, za ukoo wake yenyewe, sio distachyon iliyojikunja mara mbili. Na ile ya 30 ni mtoto wa hao wawili, kabeba 10 za huku na 20 za kule. Mwaka 2012 Pilar Catalán na wenzake wakatangaza mgawanyo kwenye Annals of Botany: yenye 10 ikabaki na jina la distachyon, yenye 20 ikaitwa stacei kwa heshima ya Clive Stace, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, na yenye 30 ikaitwa hybridum. Utafiti wa 2020 ukaongeza kwamba huyu mtoto alizaliwa zaidi ya mara moja, uzao mmoja kama miaka milioni 1.4 iliyopita na mwingine kama miaka laki moja na arobaini elfu iliyopita.

Sasa fikiria rekodi zote zilizoandikwa kabla ya 2012. Mwokotaji hakukosea, aliandika jina lililokuwepo. Aliyeingiza kwenye kompyuta hakukosea, alinakili lebo. Lakini mstari ule kwenye skrini unaosema Brachypodium distachyon, Hispania, 1890 na kitu, hauwezi kukwambia ni ipi kati ya tatu. Na hizi tatu hazipendi mahali pamoja. Distachyon hasa inapendelea sehemu za juu zenye ubaridi zaidi, stacei ni ya chini, ya joto, karibu na pwani, na hybridum inajimudu katikati, tena ndiyo kwa sehemu kubwa iliyosafiri ikafika California, Australia na Afrika Kusini. Ukiziweka zote tatu kwenye ramani moja halafu ukaiuliza programu mmea huu unapenda hali gani ya hewa, itakupa jibu, programu haijawahi kukosa jibu, lakini ni jibu la mmea ambao haupo. Ni sawa uchukue joto la Lushoto na la Tanga mjini na la Mombo upige wastani halafu umwambie mkulima apande kwa kufuata huo wastani.

Karatasi ndo inaokoa hapa. Unaenda kwenye kabati, unatoa folda, unaweka mmea chini ya hadubini. Kuna vitu vinapimika hata kwenye mmea uliokauka miaka mia na hamsini: urefu wa chembe ya chavua, urefu wa seli zinazolinda vile vitundu vya kupumulia kwenye jani, urefu wa ndevu za suke. Kipimo kimoja peke yake hakitoshi ila ukivikusanya vinatenganisha. Na kama bado una mashaka unaomba ruhusa ya kukata kipande cha jani cha ukubwa wa punje ya mchele ukapime DNA, nayo inakubali hata ikiwa imevunjikavunjika kwa uzee. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachoweza kufanya kwenye mstari wa jedwali. Kwenye picha pia huwezi, hata iwe picha kali namna gani, chavua haipimiki kwenye picha ya mmea mzima.

Kwa ambao hawajawahi kushika kielelezo cha hebaria ngoja nieleze kidogo kinafananaje, maana bila hivyo hoja yangu inaelea. Ni karatasi nene, kubwa kuliko ya A4, karibu mara mbili yake. Nyasi imelazwa, mizizi chini, mara nyingi bua limekunjwa mara mbili kama herufi N ili lienee, limeshikwa kwa vipande vyembamba vya karatasi yenye gundi au limeshonwa kwa uzi. Kona ya chini kulia kuna lebo ya mwokotaji. Kuna kibahasha kidogo kimegundishwa pembeni, ndani yake vipande vilivyodondoka, masuke na punje, na hicho kibahasha ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwa sababu mtu anayekuja baadae anaweza kupima bila kuharibu mmea. Halafu, juu ya lebo au pembeni, kuna vijikaratasi vya waliokuja baadae. Mmoja kaandika jina, tarehe, saini. Mwingine miaka arobaini baadae kaandika jina tofauti, tarehe, saini. Sheria ya zamani ya hebaria ni kwamba cha zamani hakibanduliwi, unaongeza chako. Kwa hiyo karatasi moja inakuwa na mabishano ya vizazi vitatu, yote yapo, unaweza kuona nani alimbishia nani na lini.

Mimi nimewahi kukaa miezi kadhaa nikiingiza lebo kwenye kompyuta, sehemu ambayo sitaitaja. Mfumo tuliopewa ulikuwa na kiboksi kimoja cha jina. Tukaambiwa chapa jina la karibuni, mengine acha. Nikauliza je vijikaratasi vingine, nikajibiwa picha itaonyesha. Picha zilipotoka, kwenye nyingine kijikaratasi cha chini kilikuwa kimefunikwa na cha juu, husomi kitu. Hiyo imenikaa moyoni mpaka leo, kwa sababu kwa nyasi kama hii tunayoongelea, jina la zamani na nani alilibadilisha ndo habari yenyewe.

Na kuna kisa kimoja cha nyasi nyingine ya Mediterania ambacho nadhani kila mtu anayeamua hatima ya makabati haya angepaswa kukijua.

Mwaka 1855 Theodor Kotschy, Mwaustria aliyesafiri sana Mashariki ya Kati na Sudan, alikuwa Rashaya, upande wa kaskazini magharibi wa mlima Hermoni, leo ni Lebanoni. Akaokota shayiri mwitu. Akabana, akakausha, vielelezo vikaishia Vienna, vikaingia kwenye folda ya shayiri mwitu na vikakaa humo miaka 18. Mwaka 1873 Friedrich Körnicke, mtaalamu wa nafaka wa kule Bonn, alikuwa anapekua makusanyo ya Vienna, na katikati ya shayiri za Kotschy akaona kipande cha suke ambacho hakikukaa sawa. Shayiri ina tabia moja ambayo ukishaijua huisahau, kwenye kila pingili ya suke vijisuke vinakaa vitatu vitatu, hata kama viwili vya pembeni ni vitupu. Ngano inaweka kimoja. Kipande kile kilikuwa na kimoja kimoja. Ilikuwa ngano, na sio ngano ya shamba, ilikuwa ya mwitu, ile ambayo suke lake likikauka linavunjika lenyewe vipande vipande na kumwaga mbegu.

Watu walikuwa wanabishana miaka mingi ngano ilitoka wapi, wengine wakidai babu yake alishatoweka duniani, na kumbe alikuwa amelala Vienna kwenye folda iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Körnicke akaja kuitangaza mwaka 1889 na akasisitiza watu waende Hermoni wakaitafute ikiwa hai. Wataalamu wa Berlin, akiwemo Georg Schweinfurth, huyuhuyu aliyewahi kupita mpaka kwa Wazande na Wamangbetu, wakamhimiza kijana mmoja wa Palestina wakati ule chini ya Waturuki, Aaron Aaronsohn. Juni 1906 akiwa Rosh Pinna, Galilaya, Aaronsohn akaona mmea mmoja umeota kwenye ufa wa mwamba wa chokaa kwenye shamba la mizabibu. Akaitambua. Baada ya hapo akaikuta kwa wingi kwenye miteremko ya Hermoni na Rashaya kwenyewe, mahali palepale palipoandikwa kwenye lebo ya Kotschy.

Angalia kilichofanya kazi hapo. Jina kwenye folda lilikuwa la uongo. Kama Vienna wangekuwa wamenakili lebo kwenye jedwali na kutupa karatasi, rekodi ingesomeka shayiri mwitu, Rashaya, 1855, safi kabisa, haina kosa lolote la tahajia, na babu wa ngano angekuwa amefutwa na mtu mwenye nia njema. Kilichobaki cha kweli ni mmea wenyewe na jina la mahali. Mmea ukamwambia Körnicke ni nini, mahali pakamwambia Aaronsohn aende wapi.

Hii sio habari ya kale isiyotuhusu. Ngano mwitu ile ndo imetoa jeni iliyotangazwa mwaka 2006 inayoongeza protini, zinki na chuma kwenye punje, na ndo imetoa jeni ya Yr15 inayokinga kutu ya manjano, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngano. Na kutu ya ngano huku kwetu tunaijua vizuri. Ile aina ya kutu ya shina inayoitwa Ug99, hiyo Ug ni Uganda, ilionekana huko mwaka 1998, ikaingia Kenya, ikaenda Ethiopia, ikavuka Yemen mpaka Irani, na Njoro pale Kenya ndo ikawa kituo ambacho nchi nyingi zinaleta ngano zao zijaribiwe kama zinahimili. Chapati na mandazi ya asubuhi yanategemea ngano ambayo sehemu kubwa Tanzania inaagiza nje, na wanaotafuta kinga ya kutu wanarudi kwa jamaa za mwitu wa ngano, na kujua wale jamaa wako kwenye mteremko gani na mwamba gani unaanza na rekodi za hebaria. Brachypodium nayo imo kwenye kazi hiyohiyo, inatumika maabara kuelewa kwa nini kutu inashindwa kwake na inaweza kwenye ngano.

Turudi kwenye rekodi zenyewe maana kuna ugonjwa mwingine, wa mahali. Lebo nyingi za zamani hazina latitudo wala longitudo, zina jina la kijiji, la mlima, au maneno kama "njiani kati ya hapa na pale". Mtu wa ofisini miaka mia baadae ndo anatafuta namba. Akikosa kabisa, mfumo mwingine unaweka sifuri na sifuri, na ndo maana kwenye ramani nyingi kuna lundo la mimea imeota baharini, Ghuba ya Guinea, kusini ya Ghana. Au namba zinageuzwa, latitudo inakaa pa longitudo. Hili nilijaribu mwenyewe kwa kalamu. Chukua Toledo, Hispania: 39.86 kaskazini, 4.03 magharibi, kwenye kompyuta inaandikwa 39.86 na -4.03. Geuza. Unapata -4.03 na 39.86, yaani kusini ya ikweta, mashariki, na ukiiweka kwenye ramani iko ndani ya Bahari ya Hindi, kama kilomita 15 tu mbele ya Nyali, Mombasa. Madrid ukiigeuza inaangukia baharini mkabala na Kilifi. Bahati nzuri imeangukia majini kwa hiyo kosa linaonekana, mtu yeyote anajua nyasi ya Kihispania haioti kwenye kina kirefu. Ingeangukia nchi kavu, Voi au Mkomazi, kuna mtu angeandika kwamba nyasi ya Mediterania imeingia Afrika Mashariki na angeweka kumbukumbu.

Kosa gumu zaidi ni lile lisiloonekana. Lebo ya karne ya 19 ikisema Syria haimaanishi Syria ya leo, lilikuwa eneo kubwa lenye Lebanoni ndani yake na zaidi. Programu inayotafuta mahali yenyewe inasoma Syria, inachomeka kidoti katikati ya nchi ya leo, jangwani, na sasa una nyasi ya milimani yenye rekodi ya jangwani. Ni yaleyale ya kwetu ya lebo zilizoandikwa Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ilijumuisha Tanzania bara, Rwanda na Burundi. Kidoti cha katikati kinaweza kukuwekea mmea wa misitu ya Rwanda huku Singida. Wa kusahihisha ni mtu anayeijua njia aliyopita mwokotaji, anayelinganisha namba za vielelezo, jana alikuwa wapi, kesho yake alikuwa wapi, na mwandiko kwenye lebo. Mwandiko unasaidia sana, kuna watu wanaweza kukwambia lebo imeandikwa na nani kwa kuangalia tu herufi.

Najua wapo watakaonijibu kwamba makabati ni gharama. Ni kweli. Wadudu wanakula, inabidi kugandisha vielelezo kwenye friza, jengo linahitaji hewa kavu, na mtu wa kukaa humo anataka mshahara. Na najua pia kazi ya kuweka picha mtandaoni imetusaidia sana watu wa huku, mwanafunzi wa Morogoro leo anafungua kielelezo kilichoko Paris bila kuomba viza, zamani hilo lilikuwa halifikiriki. Mimi sipingi picha hata kidogo. Ninachopinga ni ile hesabu ya kwamba picha imechukua nafasi ya karatasi. Februari 2024 Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilitangaza kwamba kinafunga hebaria yake yenye vielelezo kama 825,000 na kutafuta wa kuvichukua. Chuo tajiri kabisa. Wakifanya hivyo wao, mkuu wa idara yenye bajeti ndogo huku kwetu atashindwaje kusema na sisi tupunguze.

Na somo la Berlin lipo. Usiku wa Machi 1 kuamkia Machi 2, 1943, mabomu yalichoma hebaria ya Berlin, na humo kulikuwa na vielelezo vya kwanza kabisa vya mimea mingi sana ya Tanganyika, vilivyobeba majina yenyewe, kutoka Usambara, Uluguru, Kilimanjaro. Miaka michache kabla ya vita Mmarekani J. Francis Macbride wa makumbusho ya Field, Chicago, alikuwa amezunguka Ulaya akipiga picha vielelezo, Berlin ikiwemo, zaidi kwa ajili ya mimea ya Amerika ya Kusini. Picha zile nyeusi na nyeupe zipo, na wanaozitumia wanazishukuru sana, lakini palipobaki picha peke yake bado imewabidi watu watafute nakala ya kielelezo kilekile, yaani mmea mwingine uliookotwa pamoja nacho, Kew ya London au Geneva au popote, maana ua haliwezi kufunguliwa kwenye picha. Kwa mimea yetu kilichookoa kiasi ni nakala zilizokuwa zimesambazwa sehemu nyingine, pamoja na makusanyo yaliyoanza Amani mwaka 1902 ambayo mwaka 1950 yalihamia Nairobi na leo ndo hebaria ya Afrika Mashariki.

Halafu majina yenyewe, tusijidanganye kwamba yapo sawa. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford na Edinburgh walipitia vielelezo 4,500 vya Aframomum, hizi tangawizi pori za Afrika, wakakuta kabla ya uchunguzi wa karibuni angalau asilimia 58 zilikuwa na jina lisilo sahihi. Zaidi ya nusu. Waliwezaje kujua? Karatasi zilikuwepo.

Ndo maana kwenye rekodi za nyasi yoyote mimi sasa naangalia safu moja kwanza kabla hata ya jina, ile inayosema rekodi imetokana na nini. Ikisema kielelezo kilichohifadhiwa, naangalia namba ya kielelezo na hebaria gani, nikijua naweza kuandika barua pepe nikaomba mtu afungue folda. Ikisema mtu ameona, naishukuru, naiweka pembeni, kwa nyasi kama Brachypodium haiwezi kunisaidia mbali zaidi ya jina la kundi. Na kwa wanaopiga picha mimea kwa simu, ambao ni wengi na wanafanya jambo jema, ombi langu ni moja, nyasi ukiipiga picha ng'oa na shina mbili pamoja na mizizi kama unaruhusiwa mahali hapo, bana kwenye gazeti, badilisha gazeti kila siku mpaka likauke, na usiandike jina tu, andika kijiji, upande gani wa barabara, udongo gani, tarehe, na ulikuwa na nani. Peleka hebaria ya chuo iliyo karibu nawe.

Vile vielelezo vya distachyon vya kabla ya 2012 bado vingi havijafunguliwa tena. Vimelala Madrid, Firenze, Paris, Kew, Vienna, na jina la zamani juu. Kimoja kinachukua kama nusu saa chini ya hadubini, kama chavua imebaki.